Jicho la akiba

Siku ile tunaenda kliniki ya macho, mwenye shida alikuwa dada mtu. Ana miaka kumi, alikuwa kila akitoka shule analalamika kichwa, na mwalimu wake alishaniambia mtoto akitaka kukopi ubaoni lazima asogee dawati la mbele, kwa hiyo nikajua tu hapa ni miwani. Mdogo wake alikuja kwa sababu ilikuwa Jumamosi na nyumbani hakuna wa kubaki naye. Basi. Alikuja na kandambili na jezi yake ya Simba, tena njia nzima anauliza tukitoka huko tunapitia chipsi au hatupitii.

Huyu mdogo hapa ntamwita Wajina, ndivyo babu yake anavyomwita, maana kapewa jina la babu mzaa baba, na wakipigiana simu hao wawili ni wajina huku wajina kule mpaka unashindwa kujua nani anaongea na nani.

Ilikuwa Januari 2025, ana miaka sita na nusu, ndo kwanza kaanza darasa la kwanza. Na macho yake yalikuwa yameshapimwa! Shule ilitoa ile fomu ya afya, uzito, urefu, chanjo, meno, masikio, macho, chini mahali pa saini na muhuri. Ikakaa kwenye pochi yangu kama wiki mbili kila siku nasema kesho, mwisho nikampeleka kwenye kituo kimoja cha afya, wakamsimamisha mbele ya chati akiwa macho yote mawili wazi, akasoma bila shida, wakaandika macho sawa, muhuri, tukaondoka. Hata dakika tano hazikufika. Kwa hiyo huku kliniki ya macho dokta alipomalizana na dada mtu akauliza "na huyu bwana mdogo?" mi nikajibu huyu ameshapimwa dokta, yuko vizuri. Akasema, "Si yupo hapa mama, apande tu kwenye kiti."

Sentensi hiyo moja. Mpaka leo nikiikumbuka naishiwa nguvu, maana ingekuwa dokta mwenye haraka, au foleni nje ni ndefu, au mimi nimeng'ang'ania fomu yangu, tungeenda zetu kula chipsi.

Chati aliyopewa ni ile ya herufi E tupu zilizogeuzwageuzwa, nyingine mdomo juu, nyingine chini, kulia, kushoto, na mtoto anaonyesha kwa vidole vitatu mdomo umeangalia wapi. Chumba kilikuwa kifupi, chati iko nyuma yake na yeye anaiangalia kwenye kioo kilichopo mbele. Dokta akamziba jicho la kushoto kwa kile kijiko cheusi cha plastiki. Wajina akashuka mstari kwa mstari kama mtu anayeteremka ngazi, hadi vile vidogo vya mwisho, anacheka, anamwangalia dada yake kwamba umeona. Dokta akahamisha kijiko akaziba la kulia.

Akanyamaza.

Nikadhani ni deko. Nikamwambia onyesha basi baba, anko dokta anasubiri. Akanyoosha vidole, akavirudisha. Halafu akageuza shingo polepole akawa anachungulia kwa pembeni ya kile kijiko, anatafuta upenyo wa jicho la kulia. Hakuwa anadanganya, nataka mnielewe hapo, alikuwa kweli anatafuta chati imeenda wapi. Akasema, "Mama, zimefutika."

Ile E kubwa ya juu kabisa aliipata, ya mstari wa pili hakuipata. Kwa ambao hamjui hizi namba, na mimi nilikuwa sijui, mstari wa juu ni 6/60, yaani mtoto akiwa mita 6 anaona kitu ambacho jicho zima linakiona likiwa mita 60. Wa mwisho aliousoma na jicho la kulia ni 6/6. Mpango huu ulibuniwa na daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, kule Utrecht mwaka 1862, na bado tunapimwa nao leo. Kwenye chati kamili ya mita 6 ile herufi ya 6/60 ina urefu wa karibu sentimita 9. Mwanangu kwa jicho la kushoto alikuwa anaishia hapo, na mimi niliyemzaa, ninayemwogesha na kumvalisha viatu kila asubuhi, sikuwa najua.

Wakati dokta anaandika, kichwani mambo yakaanza kujipanga yenyewe. Mnakumbuka Januari 2024 Dar ilivyoshikwa na macho mekundu, kila nyumba kuna mtu macho yamevimba? Kwetu Wajina ndo alianza, na lilimwanza jicho la kulia, likavimba mpaka likafunga kabisa siku mbili. Siku zile mbili alikuwa hatoki kitandani. Akishuka anapapasa ukuta, akajigonga kwenye kona ya meza ya chakula mchana kweupe, akalia kilio ambacho sijawahi kumsikia nacho, na sisi tukasema maskini anaumwa, homa hiyo, apewe panado alale. Jicho la kushoto lilikuwa zima siku zile, jeupe, halina hata tongotongo. Alikuwa nalo wazi na haoni, na hakuna hata mmoja kati yetu watu wazima wanne kwenye ile nyumba aliyejiuliza mbona mtoto mwenye jicho moja wazi anapapasa ukuta.

Nimelirudia hilo mara nyingi sana usiku.

Dokta akasema kabla ya kuita ugonjwa jina lazima kwanza aondoe vile vibaya zaidi. Akazima taa, akammulika kwa kitochi chake kutoka mbali kidogo, akaniita na mimi nisimame nyuma yake niangalie. Mboni zote mbili zilirudisha mwanga mwekundu wa rangi ya chungwa, sawasawa. Akaniambia hapo umeshapona na mambo mawili makubwa, maana mtoto wa jicho angezuia ule mwekundu, na saratani ya jicho ya watoto mara nyingi mboni inaonekana nyeupe badala ya nyekundu. Ndo maana wanasema ukimpiga mtoto picha kwa flashi, jicho moja likawa jekundu na lingine limetoka jeupe kama la paka, usiifute ile picha, nenda nayo hospitali wiki hiyohiyo. Si kila weupe ni saratani, wakati mwingine ni pembe tu ya kamera, ila hilo aseme daktari.

Halafu yakaja matone. Haya yanawasha, alilia, na yanahitaji subira, kama nusu saa na zaidi, na baadae mboni inakuwa kubwa hadi ile rangi ya kahawia inabaki kama pete nyembamba. Niliuliza ya nini yote hayo kama ni miwani tu. Kumbe lenzi ya ndani ya mtoto ina nguvu ya kujikaza kuliko ya mtu mzima, inakaza mpaka inaficha tatizo, kwa hiyo ukimpima mtoto mwenye shida ya aina hii bila kuilegeza unapata namba ya uongo. Tukakaa kwenye benchi nje, dada mtu kamwekea mkono machoni kumkinga na jua, akawa anamsimulia katuni.

Majibu, yaani nguvu ya lenzi inayotakiwa kwa kila jicho: la kulia plus 1, la kushoto plus 5 na nusu.

Sasa hapa ntaeleza taratibu maana mi mwenyewe nilielezwa mara tatu. Mtoto anazaliwa na jicho la urefu wa kama milimita 17 na linakua hadi kama 24 akiwa mtu mzima, na yote mawili yanatakiwa yakue pamoja. La Wajina la kushoto lilibaki fupi kuliko mwenzake. Kila milimita moja ya urefu ni kama plus 3 hivi, kwa hiyo tofauti yote ya mtoto wangu ni karibu milimita moja na nusu, kama upana wa punje ya ufuta. Jicho fupi ili lione vizuri lazima lijikaze, lakini macho mawili hayajikazi kila moja kivyake, yanakaza pamoja kwa kiasi kimoja, na ubongo unafuata lile lenye kazi nyepesi. La kulia likishaona vizuri ubongo umeridhika, haukazi tena. La kushoto linabaki na ukungu, karibu ukungu, mbali ukungu, tangu utotoni. Na ubongo ukiwa unaletewa picha mbili, moja safi na moja ya ukungu, ile ya ukungu unaacha kuipokea.

Hii ndo wanaita jicho vivu, wengine jicho zembe, kitaalamu ambliopia. Mi hilo jina la uvivu silipendi na nyumbani kwangu nimelipiga marufuku. Jicho lenyewe halina kosa, limeamka kila siku limeleta picha yake, limekataliwa. Kati ya watoto 100 anaweza kuwepo mmoja hadi wanne wa hivi, yaani chukua darasa moja la shule zetu zenye watoto wengi, inawezekana yupo mmoja au zaidi amekaa humo kimya. Na wengi hawana makengeza. Wenye makengeza angalau watu wanaona, mtoto anapelekwa, huyu wa kwangu macho yamenyooka, mazuri, kila mtu anayasifia.

Nilienda kusoma baadae, silali. Kuna wanasayansi wawili, David Hubel na Torsten Wiesel, miaka ya 1960 walikuwa Harvard wakawashona kope za jicho moja vitoto vya paka kwa muda, halafu wakafungua. Jicho likakutwa zima kabisa lakini seli za ubongo zilikuwa zimeshahamia kwa jicho lingine, kapaka hakaoni. Wakifanya hivyo kwa paka mkubwa hakuna kinachotokea. Maana yake kuna kipindi cha utotoni ambapo ubongo unagawa viti, na kikipita aliyekosa kiti ni kazi sana kumrudishia. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Nilisoma habari ya vile vipaka nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda cha Wajina, na sikuweza kuendelea, nikazima simu.

Kitu kingine kilitokea siku ileile na ndicho kilichomfanya baba yake aamini nilipomsimulia. Dokta alitoa kitabu kina picha ya nzi mkubwa, mbaya, amejaza ukurasa, akamvalisha dada mtu miwani myeusi ya karatasi ngumu akamwambia mshike bawa. Dada mtu akarudisha mkono kwa kushtuka! Alipotulia akapeleka vidole, akabana hewani, kama sentimita tano juu ya karatasi, kwa sababu kwake bawa lilikuwa limesimama pale juu. Ikaja zamu ya Wajina. Akaweka kidole moja kwa moja kwenye karatasi, akabonyeza, akamwangalia dokta kama anauliza nini cha ajabu. Kwake nzi alikuwa mchoro tu. Ile hali ya kujua hiki kiko mbele kidogo na hiki nyuma kidogo inahitaji macho mawili yafanye kazi pamoja, na yeye hana.

Hapo nikakumbuka chai. Huyu mtoto akimimina chai anaegesha mdomo wa chupa kwenye ukingo wa kikombe kwanza ndo anamimina, hamwagi tone, na mimi nilikuwa nawasifia wageni jamani huyu mtoto ana adabu ya mezani, angalieni anavyomimina. Alikuwa anapima umbali kwa kugusa. Alijifundisha mwenyewe, bila kumwambia mtu, kwa sababu hakujua kama kuna cha kuambia.

Na hili ndo ningependa kila mzazi alisikie, maana watu wananiuliza "ina maana hakuwahi kukwambia haoni?" Atasemaje? Mtu anasema kitu kimepungua kama aliwahi kuwa nacho kizima. Wajina hakuwahi kuona kwa macho mawili hata siku moja, dunia aliyoikuta ndo hiyo, kwake iko sawa.

Jioni nikampigia babu yake Korogwe. Nilitegemea atasema mambo ya miwani inaharibu macho ya watoto, kama walivyosema wengi. Alinyamaza kidogo halafu akauliza jicho lipi. Nikamwambia la kushoto baba. Akasema, "Mimi pia la kushoto." Nikauliza la kushoto limefanyaje, akasema hili tangu nipate akili sijawahi kulitumia, nikiziba la kulia naona ukungu tu, ila sikuwahi kusema, nilijua kila mtu yuko hivyo, ana jicho moja la kuonea na moja la akiba.

Ana zaidi ya miaka 70 huyu mzee. Amelima, amesafiri, amefundisha watoto baiskeli, na hakuna mtu aliyewahi kumziba jicho la kulia akamuuliza unaona nini. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu, simu iko loudspika, yaani ndo kwanza anasikia habari hizi za baba yake mzazi. Mambo haya mara nyingi yanatembea kwenye ukoo, dokta alikuwa ameniuliza asubuhi kama kuna mtu kwenye familia na mimi nikajibu kwa uhakika kabisa kwamba hakuna.

Mume wangu mwanzoni alikuwa upande wa tumuache akue kwanza. Simlaumu, mtoto anakimbia, anacheza mpira, anasoma, unaambiwa ana jicho halioni, inaingia sikio hili inatokea lile. Tuliporudi kuchukua miwani nikaenda naye, nikamwomba dokta amuonyeshe. Akachomoa lenzi kwenye lile sanduku lake, akaiweka mbele ya jicho moja la mume wangu na kuziba lingine, akamwambia muangalie mwanao. Mtoto yuko mita mbili. Mume wangu akakaa hivyo muda, akasema, "Simuoni uso." Dokta akasema hapo ni kukadiria tu, maana kwake yeye hata picha ikiwa safi ubongo bado haujajifunza kuisoma. Tangu siku ile miadi yote tumeenda wote.

Baadae nikakuta kwamba Kenya waliwahi kulipima jambo hilihili kwenye shule za Trans Nzoia, matokeo yakatoka mwaka 2018. Upande mmoja walimu walipima watoto kwa simu, na wazazi wakawa wanapata meseji za kukumbushwa pamoja na picha inayoonyesha mtoto wao anaonaje, upande wa pili walipimwa kwa chati ya kawaida na wakapewa barua ya kawaida ya karatasi. Wenye picha na meseji, watoto 54 kati ya kila 100 waliokutwa na shida walifikishwa hospitali. Wenye karatasi, 22. Nikaikumbuka karatasi yangu mwenyewe ilivyokaa kwenye pochi wiki mbili.

Miwani peke yake ndo dawa ya kwanza, hilo sikulitegemea. Dokta alisema tuanze na miwani tu miezi mitatu, ivaliwe tangu anaamka hadi analala, maana kuna watoto jicho linapanda kwa miwani tupu. Siku ya kwanza na miwani la kushoto lilikuwa 6/36, mwezi wa nne likawa 6/24. Mtu mwingine angesema mstari mmoja tu! Mi nililia pale kwenye kiti.

Halafu plasta. Unaziba jicho linaloona vizuri ili lile lililokataliwa lilazimike kufanya kazi. Plasta inabandikwa kwenye ngozi, chini ya miwani, sio kwenye kioo cha miwani, kwenye kioo watachungulia pembeni, niamini. Nilidhani tutaziba kutwa nzima, dokta akasema masaa mawili kwa siku yanatosha kwa kiwango chake, kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 uliofanywa kwa watoto wa chini ya miaka 7 ukakuta kwa hali ya kati masaa mawili yanafanya kazi sawa na sita, huku watoto wote wakifanya angalau saa moja kwa siku ya kazi ya karibu ya kukaza macho. Ipo na njia ya matone ya atropini ya kulitia ukungu jicho linaloona vizuri, nayo inafanya vizuri, sisi tukachagua plasta.

Wiki ya kwanza sitaki kuisahau na sitaki kuikumbuka. Alikuwa anabandua anaficha chini ya mto wa kochi, nilikuja kukuta saba zimeshikana. Alikuwa ananiambia mama unanizibia linaloona, kwa nini usizibe bovu, na hebu niambie wewe utamjibu nini mtoto wa miaka sita. Mwezi wa tano mvua zikiisha joto la Dar linapungua, lakini hata hivyo jasho linaachisha gundi, ngozi ikawa na vipele, mpaka jirani yangu mmoja ambaye ni nesi akanifundisha kupaka mafuta ya nazi kwenye kingo dakika chache kabla ya kubandua, inatoka laini bila kuvuta kope. Baada ya hapo kilio kilipungua nusu.

Kazi ya karibu tuliyoipata sisi ni kuchambua. Mchele na maharage. Tulijaribu kupaka rangi, tukajaribu shanga, anachoka upesi, lakini ungo wa maharage alioletewa na bibi yake mezani, na akaambiwa kila jiwe shilingi mia, huo aliutaka mwenyewe. Siku za mwanzo alikuwa anainamisha kichwa mpaka pua inagusa maharage. Anachukua punje anaisogeza karibu kabisa, anaiweka. Mawe yanabaki, tunakula tunang'ata changarawe na hakuna aliyeruhusiwa kusema neno. Siku moja mwezi wa saba nimesimama mlangoni naona amekaa wima. Mgongo umenyooka, plasta kwenye jicho la kulia, mkono unaenda, unachukua jiwe, unalitupa. Sikumwita, nikarudi jikoni.

Maneno ya watu yapo, siwezi kusema hayapo. Karoti nimeletewa na watu watatu. Karoti ni nzuri, vitamini A inahitajika sana machoni, mtoto akiikosa anaweza hata kupofuka, lakini hairefushi jicho milimita moja na nusu. Kuna shangazi mmoja alitaka nimdondoshee maji ya majani fulani, hapo nilikuwa mkali kuliko nilivyowahi kuwa kwa mkubwa wangu, nikamwambia shangazi nakuheshimu ila jichoni kwa mtoto haiingii kitu ambacho hakijatoka hospitali. Vidonda vya kioo cha jicho vinavyoletwa na dawa za kudondosha za kienyeji vinapofua watu kweli, na huyu jicho la kuonea analo moja. Dokta alisisitiza hilo pia, kwamba hata ile miwani ni ngao, lenzi ya plastiki isiyovunjika kirahisi, kwa sababu manati au kijiti kikilipata la kulia leo, amebaki na nini. Manati nyumbani kwetu imekufa rasmi.

Wanaoniuliza kama mtoto wao ameshavuka miaka saba ndo basi, hapana. Inakuwa ngumu zaidi lakini sio basi. Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2005 uliwachukua wa miaka 7 hadi 17, na kwa wale wa 7 hadi 12 waliopewa miwani pamoja na plasta na matone zaidi ya nusu walipanda mistari miwili au zaidi, wenye miwani tu ilikuwa kama robo. Kwa hiyo nenda. Kwa Dar kuna hospitali za CCBRT na Muhimbili, Moshi kuna KCMC, huko wanaona macho ya watoto.

Na nyumbani kabla hujaenda popote unaweza kumziba. Tumia kiganja chako wewe, sio vidole vyake, vidole vinaacha upenyo na mtoto atachungulia hata bila kujua. Usilikandamize jicho. Ziba moja, mwonyeshe kitu kidogo mbali, ziba lingine, mwonyeshe kitu kingine, angalia kama jicho moja analikubali kuzibwa na lingine anapigana kulifungua. Hata mtoto mdogo asiyejua kuongea atakujibu, ukiziba linaloona atakutoa mkono. Haimalizi kipimo cha daktari, ila mimi ningekuwa nimefanya hivyo hata mara moja tu akiwa na miaka mitatu tusingekuwa tunafukuzana na muda hivi.

Mara ya mwisho tumeenda kliniki ni wiki iliyopita. La kushoto, na miwani, kulia kumezibwa: akashuka, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne akafikiri sana, wa tano akakosa mbili akapata zilizobaki, dokta akaandika 6/12. Nzi bado kwake ni mchoro. Kidole kilienda moja kwa moja kwenye karatasi kama mwaka jana, dokta akasema hiyo huwa inachelewa na wengine hairudi yote, tusiahidiane. Plasta tunaendelea.

Babu yake anapiga kila Jumapili baada ya ibada. Zamani alikuwa anauliza shule, sasa hivi swali la kwanza ni moja.

"Wajina, la akiba limefika wa ngapi?"

"Wa tano, wajina."

"Imebaki mingapi?"

"Miwili."

Halafu wakahamia kwenye habari za mbuzi.